Shefu Mpya Kafika Duane: Kweli au Si Kweli?

Habari hii huenda umeisikia kabla hata barua ya uteuzi haijabandikwa ukutani. Uliisikia kwa mwenye pikipiki aliyekutoa Lubiriha, au kwa mama muuza chai karibu na kizuizi: "Shefu mpya amefika. Aliwakusanya wafanyakazi uani, akawapa maneno mazito, wakatoka vichwa chini." Kufikia jioni habari iko Beni. Kesho yake iko Butembo madukani, na kila mmoja ameshatoa hukumu. Huyu anasema sasa mambo yatanyooka. Yule anasema shefu huyo hamalizi mwaka.

Sisi wa Kasindi, mpakani mwa Kongo, tuna haki ya kujali. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe ya Uganda, na upande wetu barabara inakwenda kilometa 80 hivi hadi Beni, kisha Butembo. Mafuta, saruji, vitambaa na vipuri vinavyotoka Mombasa hupita hapa. Anayekalia kiti cha forodha, au duane kama tunavyoiita, anaweza kumpa mfanyabiashara usingizi au kumnyima. Na wakubwa wapya tumewazoea: tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini, jimbo limepata magavana watatu wenye sare. Baada ya Goma kutwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, makao ya jimbo yakahamia Beni, na ofisi nyingi za Leta, yaani serikali, zikaja karibu nasi zaidi.

Kila akija mkubwa mpya, maneno yaleyale hurudi. Nimekusanya tisa yanayosemwa sana, mengine ya wazee wetu, mengine ya maofisini. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata.

1. "Nyota njema huonekana asubuhi: siku ya kwanza ikiharibika, uongozi wote umeharibika."

Hukumu: SI KWELI.

Ushahidi uko nyumbani kwetu, na wengi wetu tuliuona kwa macho. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika jimbo letu, na Beni na Butembo zikawa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Julai 2019, Rais Félix Tshisekedi aliiondoa kazi ya kupambana na ugonjwa mikononi mwa Wizara ya Afya, akaikabidhi kamati ya wataalamu chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa taasisi ya utafiti INRB. Siku mbili baadaye Waziri wa Afya, Oly Ilunga, akajiuzulu kwa barua, akipinga uamuzi huo na msukumo wa kuleta chanjo ya pili.

Jiweke kwenye viatu vya muuguzi wa Beni siku hiyo. Miezi mitatu nyuma, tarehe 19 Aprili, Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani alikuwa ameuawa hospitalini Butembo. Mwezi Juni virusi vilikuwa vimevuka mpaka na kuingia upande wa Bwera, Uganda. Sasa wakubwa wenyewe wanagombana hadharani. Ni vigumu kupata asubuhi mbaya kuliko hiyo.

Lakini tuangalie hesabu. Muyembe alipopokea kazi, waliougua walikuwa wamefika 2,500 hivi. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, jumla ilikuwa 3,470, na waliofariki 2,287. Maana yake mwaka wa kwanza ulileta wagonjwa 2,500 hivi, na miezi kumi na moja iliyofuata haikufikisha 1,000. Sifa zote si zake. Wimbi kubwa lilikuwa limeanza kushuka, chanjo ilikuwa inaendelea tangu Agosti 2018, na maelfu ya vijana wa hapa walikuwa kazini tangu mwanzo. Ila jambo moja liko wazi: asubuhi ilichafuka, na mchana kazi ikafanyika.

2. "Shefu akiingia kwa ukali, ofisi itanyooka."

Hukumu: NUSU KWELI, na nusu hiyo haidumu.

Tuanze na penye ukweli. Tarehe 27 Novemba 2015, Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, aliingia ghafla bandarini Dar es Salaam na kukuta makontena 349 yametoka bila kulipiwa kodi, hasara ikikadiriwa kuwa shilingi bilioni 80. Siku hiyohiyo Kamishna Mkuu wa mamlaka ya mapato, TRA, Rished Bade, alisimamishwa, na Philip Mpango akawekwa kukaimu. Mwezi uliofuata makusanyo yalipanda hadi takriban shilingi trilioni 1.4, wakati kwa kawaida mwezi haukuwa ukifika trilioni moja. Ukali ulileta pesa.

Halafu? Miaka ikapita, na wafanyabiashara wakachoka. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliiagiza TRA iache kukusanya kodi kwa mabavu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi. Hofu huleta mavuno ya msimu mmoja. Msimu wa pili mwenye duka ameshajifunza kujificha.

Hata Marekani wamelionja. Mei 2025 David Richardson aliwekwa kuongoza FEMA, shirika la serikali la kushughulikia majanga. Katika mkutano wake wa kwanza na wafanyakazi aliwaonya kwamba atakayesimama mbele yake atapitiwa juu. Kufikia Novemba mwaka huohuo alikuwa amejiuzulu. 

Na sisi tunajua kwa uchungu kwamba hata sare haitoshi. Tarehe 15 Januari 2023, miezi 20 baada ya wanajeshi kushika uongozi wa jimbo, bomu lililipuka ndani ya kanisa hapa Kasindi, watu wakiwa ibadani, na zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Waliolipanga hawakuzuiwa na ukali wa hotuba ya mkubwa yeyote.

3. "Wafukuze wote, uajiri upya, rushwa itakwisha."

Hukumu: SI KWELI.

Hili ndilo pendekezo ninalolisikia zaidi kwa vijana, na ninaelewa hasira iliyo nyuma yake. Bahati nzuri majirani zetu wamelijaribu mara tatu, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha.

TRA ilipoanzishwa mwaka 1996, wafanyakazi wote wa idara za zamani za kodi waliachishwa na kutakiwa kuomba kazi upya. Zaidi ya 1,000 hawakurudishwa. Mwanzoni mapato yalipanda na malalamiko yakapungua, lakini baada ya miaka michache rushwa ilirudi. Mtafiti Odd-Helge Fjeldstad, aliyefuatilia jambo hili kwa miaka, aligundua kitu ambacho wengi hawakukitarajia: baadhi ya waliofukuzwa waliajiriwa na kampuni binafsi kama wajuzi wa kodi. Walijua mianya yote, na waliobaki ndani walikuwa marafiki zao. Mtandao uliokatwa ulijiunga tena, safari hii ukiwa na mguu mmoja ndani ya ofisi na mwingine nje.

Uganda ilifanya hivyohivyo. Allen Kagina alipowekwa kuongoza mamlaka ya mapato, URA, mwaka 2004, wafanyakazi walitakiwa kuomba upya nafasi zao. Mwaka 2015 akapelekwa kwenye mamlaka ya barabara, UNRA, iliyokuwa na jukumu hata la barabara kuu inayoishia Mpondwe, na huko nako mikataba ya wafanyakazi karibu 900 ikasitishwa. Katika URA kulifuata miaka kumi ya mageuzi, na makusanyo yakakua kutoka chini ya shilingi trilioni 2 za Uganda hadi trilioni 8 hivi. Kwa UNRA, mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuifuta na kurudisha kazi zake wizarani.

Mkono ni uleule na dawa ni ileile, lakini matokeo yamepishana mbali. Kwa hiyo kufukuza peke yake hakukuponya. Palipopona, yalifuata mambo mengine ya pole kwa miaka: kompyuta, taratibu mpya, mafunzo, na kiongozi aliyekaa muda wa kutosha kuyasimamia.

4. "Wazoefu wakiondoka na shefu wao, ofisi inakufa."

Hukumu: SI KWELI.

Machi 2020 Rais Museveni alimwondoa Doris Akol kwenye uongozi wa URA na kumweka John Musinguzi Rujoki. Kabla shefu mpya hajazoea kiti, makamishna kadhaa walikuwa wameondoka, akiwemo wa forodha, Dicksons Kateshumbwa. Ulikuwa mwaka wa korona, na malori yalikuwa yamekwama mipakani yakingoja madereva wapimwe. Ungeweza kutabiri kuanguka.

Mwaka wa fedha 2019/20 URA ilikusanya takriban shilingi trilioni 16.7. Mwaka uliofuata, chini ya timu mpya, ilikusanya takriban trilioni 19.2. Ofisi yenye mifumo iliyoandikwa humkopesha mgeni ujuzi wa aliyeondoka. Ofisi ambayo ujuzi wake wote uko kichwani mwa mtu mmoja ndiyo hufa naye. Basi unapomwona mzee wa ofisi anaondoka na siri zote, mzee huyo ndiye dalili, na ugonjwa ni kukosekana kwa maandishi.

5. "Walipe vizuri, hawatakudai kitu."

Hukumu: NUSU KWELI. Mshahara ni lazima, lakini hautoshi.

Nusu ya kwanza naitetea kwa moyo wote. Katika ofisi za nchi yetu wako wafanyakazi tunaowaita *nouvelles unités*: wanakuja kazini kila siku, wana meza, wana mhuri, lakini hawamo kwenye orodha ya mishahara. Mtu huyo ana watoto na kodi ya nyumba. Ukimweka kizuizini bila mshahara, umemwambia ajilipe kwa mfuko wa mama mwenye kapu la samaki. Shefu anayeahidi uadilifu bila kushughulikia orodha hiyo anajenga juu ya matope.

Nusu ya pili inatutaka tuwe waangalifu. TRA ya 1996 ilipandisha mishahara hadi mara kumi ya ile ya utumishi wa kawaida, na tumeona rushwa ilivyorudi. Ghana ilipandisha mishahara ya polisi karibu mara mbili mwaka 2010. Watafiti Jeremy Foltz na Kweku Opoku-Agyemang walichunguza kumbukumbu za madereva wa malori kabla na baada, wakawalinganisha polisi na maofisa wa forodha, ambao hawakuongezwa. Polisi wenye mshahara mpya walizidisha juhudi za kudai, na kila walichopokea kilikuwa kikubwa kuliko zamani. Pesa zaidi bila usimamizi zilipandisha bei ya mwenye kuomba.

6. "Mgeni hana ndugu hapa, kwa hiyo hatapendelea mtu."

Hukumu: SI KWELI.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wana haki: jicho jipya huona uchafu ambao sisi tumeuzoea. Lakini kuona uchafu ni jambo moja, na kujua umetoka wapi ni jambo lingine.

URA ilijaribu wageni mara mbili. Ilipoanzishwa mwaka 1991 iliongozwa na Mghana, Edward Larbi-Siaw. Kuanzia 2001 iliongozwa na Annebritt Aslund kutoka Sweden. Walikuwa watu wa ujuzi, na hawakuwa na mjomba Kampala. Hata hivyo malalamiko ya rushwa yalikua mpaka ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde. Ndugu wa kupendelewa walikuwa chini ya mkubwa, mezani na kwenye maghala, mahali ambapo mgeni hafiki kirahisi. Aliyekuja kuibadilisha URA zaidi, Kagina, alikuwa mwenyeji aliyefanya kazi humo tangu mwaka 1992. Alijua mlango upi unavuja.

Wakati wa Ebola, Beni na Butembo zilijifunza somo hilo kwa njia ngumu. Magari ya wageni yalipigwa mawe mara nyingi, na milango mingi ikafunguka pale ujumbe ulipokuja kwa Kinande au Kiswahili, kutoka kinywani mwa mtu anayefahamika mtaani. Mgeni anaweza kuongoza vizuri, ila lazima akae chini asikilize kwanza. Utokako hakukupi uadilifu wala hakukunyimi.

7. "Samaki huanza kuoza kichwani."

Hukumu: KWELI.

Hapa wazee walipatia, na sayansi imewafuata nyuma. Mwaka 2015 timu ya watafiti, miongoni mwao Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca na Albert Malukisa Nkuku, ilichunguza kwa ndani polisi wa barabarani wa Kinshasa. Wengi wetu tungesema tatizo ni askari mwenye njaa kwenye njia panda. Watafiti walikuta mpango unaoanzia juu: wakuu waliwawekea askari idadi ya madereva wa kupeleka kituoni kila siku, na fedha nyingi zilitozwa huko kituoni. Idadi hiyo ilipopunguzwa kwa majaribio, madereva waliopelekwa kituoni wakapungua. Askari walikuwa walewale, na njaa ileile. Kilichobadilika ni agizo.

Kila mfanyakazi wa Leta anajua jina la desturi hiyo: *opération retour*, yaani sehemu ya kila kinachopatikana inarudi juu kwa aliyekuweka. Pale inapofanya kazi, shefu mpya hufika akiwa tayari na deni. Maneno yake ya siku ya kwanza yanaweza kuwa matamu kama asali, lakini mwisho wa mwezi mtu fulani atamngoja. Ndiyo maana nasema swali kubwa kuhusu mkubwa mpya ni moja: anapeleka nini juu, na kwa nani? Kichwa cha samaki kinaweza kuwa mbali na Kasindi, na harufu ikatufikia sisi.

Lakini tusiitumie methali hii kujiosha. Kichwa kikioza, mkia nao hauna ruhusa ya kuoza. Ofisa anayekataa fedha leo anatenda haki, hata kama mkubwa wake haitendi.

8. "Mkutano ukiwa kimya, wafanyakazi wana nidhamu."

Hukumu: SI KWELI.

Shefu amemaliza kusema. Anauliza: "Kuna maswali?" Hakuna mkono hata mmoja. Anarudi ofisini akifurahi kwamba ameeleweka. Hapo wazee wetu wangemshika bega na kumkumbusha: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wadi za hospitali. Alitegemea wadi zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Kumbukumbu zikaonyesha kinyume: wadi zenye uongozi mzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akapata sababu. Katika wadi hizo wauguzi hawakuogopa kusema walipokosea, na kwa kusema wakajifunza. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefichwa chini ya kimya.

Litie hilo kwenye duane yetu. Ofisa mdogo ameona lori limepita usiku bila karatasi. Kama siku ya kwanza alimsikia mkubwa akitisha, atanyamaza, na mkubwa atakuwa wa mwisho kujua. Kama alimsikia akisema "nileteeni habari mbaya mapema, mleta habari hataadhibiwa", na akaona ahadi hiyo ikitimizwa mara moja tu, atasema. Kwa hiyo kikao cha kwanza chenye maswali makali, hata manung'uniko, kinaweza kuwa dalili ya afya kuliko kile cha makofi.

9. "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Hukumu: KWELI KABISA.

Nimeiacha ya mwisho kwa sababu imebeba nyingine zote. Yale makontena 349 ya Dar es Salaam hayakuyeyuka. Yalipita kwenye pengo baina ya daftari la bandari na daftari la kodi.

Kasindi nayo ina historia yake. Kati ya 1999 na 2003, eneo la Beni na Butembo lilipokuwa chini ya waasi wa RCD-K/ML wa Mbusa Nyamwisi, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walikuwa wakitoa fedha mapema, na fedha hizo zikakatwa kwenye ushuru bidhaa zao zilipofika mpakani. Mpango huo uliitwa *préfinancement*. Uliwapa waasi pesa na matajiri nafuu, lakini hesabu zake zilibaki baina ya wachache. Vita ilipokwisha, wakubwa walibadilika, na mwaka 2009 hata jina la forodha likatoka OFIDA kuwa DGDA. Tabia ya kupatana pembeni haikuondoka kwa sababu ya kubadilisha kibao mlangoni.

Sheria nayo ipo. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kukaa mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa wa OCC, uhamiaji wa DGM, na afya ya mipakani. Mamlaka nne, basi. Wewe unayevuka, hesabu meza unazopitia, ulinganishe. Shefu anayetaka kuonyesha kwamba amefika, aanze na hesabu hiyo.

Ndiyo maana sherehe muhimu siku mkubwa anapoingia ni ile inayofanyika bila ngoma: makabidhiano ya ofisi, *remise et reprise*. Anayeondoka na anayeingia hukaa mezani wakaorodhesha funguo, mihuri, fedha zilizomo, bidhaa zilizomo ghalani, kesi zilizobaki, madeni, na majina ya wafanyakazi, wenye mshahara na wasio nao. Kisha wote wawili wanatia sahihi. Yakifanywa kwa haraka au kwa karatasi tupu, anayeingia amemeza makosa ya aliyetoka bila kujua, na miezi sita baadaye kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Yakifanywa vizuri, hata hotuba mbovu husamehewa.

Basi tumpimeje?

Katika maneno tisa, ya wazee kuhusu kichwa cha samaki na kuhusu daftari yamesimama imara. Mawili yana nusu ya ukweli. Matano yameanguka, na karibu yote yaliyoanguka yana kosa moja: yanatafuta dawa ya ofisi nzima katika mtu mmoja, au katika siku yake moja. Methali nyingine ya kale ilishatuonya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ewe mkubwa uliyepewa barua yako ya kuja Kasindi, Beni au Butembo: kama kikao cha kwanza kilienda vibaya, hujachelewa. Rudi kwa wafanyakazi wako, sema ulipokosea, na uwasikilize. Watu wa hapa wamezika wapendwa wao, wamekimbia na kurudi, na bado wanafungua maduka alfajiri. Wanajua kusamehe anayefanya kazi.

Nawe msomaji, mpe mgeni siku 90, kisha muulize matatu. Je, makabidhiano yaliandikwa na kutiwa sahihi? Je, meza za mpakani zimepungua kufikia zile nne za sheria? Je, kila anayelipa anapewa risiti ya Leta, hata mama mwenye kapu moja? Akijibu ndiyo mara tatu, msaidie, hata kama siku ya kwanza alikuudhi. Akijibu hapana, mwambie kwa heshima na kwa sauti. Na wewe mwenyewe, leo hii, ukilipa, dai risiti yako.